Herufi R peke yake haimfikii daktari

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nilipata leseni ya LPN, yaani muuguzi wa ngazi ya kati, mwaka jana na nafanya zamu ya jioni katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Massachusetts. Nina mzee wa miaka 78 mwenye ugonjwa wa Parkinson na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Ndani ya siku 6 amekataa dawa zake za saa 2 usiku mara 4 (za asubuhi anazimeza): levodopa ya Parkinson, apixaban ya kuzuia damu kuganda, metoprolol ya moyo na presha, na vidonge vingine kadhaa. Kila mara nilirudi baadaye nikambembeleza, akakataa, nikaweka R, yaani "amekataa", kwenye rekodi. Wenzangu waliniambia inatosha, usimsumbue daktari usiku, atakukaripia. Alhamisi daktari alipita, akakuta presha ni 168 kwa 92, akamwongezea dawa nyingine ya presha, amlodipine. Nilipoona agizo lile nilishtuka. Je, nilitakiwa kupiga simu? Ni kila dawa inayokataliwa? Na nikipiga niseme nini? Kiingereza changu si kibaya, lakini daktari akishapokea simu maneno yananipotea.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kama mpaka sasa hakuna aliyemwambia daktari kuhusu zile dozi 4, acha kusoma, mpigie, kisha urudi tuendelee. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo.

Daktari aliona presha iko juu. Akatazama orodha, akakuta metoprolol mara mbili kwa siku. Kwa taarifa alizokuwa nazo, huyu ni mtu anayemeza metoprolol asubuhi na jioni na bado presha haishuki. Basi dawa haitoshi, aongezewe. Hakukosea hesabu. Kilichokosekana ni kwamba siku 4 kati ya 6 mzee wako alimeza nusu tu ya metoprolol yake, na dawa hii ikikatwa ghafla mapigo na presha huweza kupanda kwa sababu hiyo tu. Sasa chukua Jumamosi ambayo mzee ameamka vizuri akakubali kila kitu, cha zamani na kipya. Watu wengi wenye Parkinson presha yao huweza kushuka wanaposimama, kwa sababu ya ugonjwa wenyewe na kwa sababu ya dawa zake. Anaamka usiku kwenda msalani, kichwa kinamzunguka, anaanguka. Na mwilini ana apixaban, ambayo inazuia damu kuganda. Nimewahi kuhudumia kichwa kilichogonga kona ya kitanda katika hali kama hiyo na sitaki uione.

Ndiyo maana naomba ulishike hili kabla ya kanuni yoyote: dozi isiyomezwa ambayo daktari hana habari nayo humgeuzia vipimo vyake vyote. Presha, sukari, INR (kipimo cha damu kuganda), kiwango cha dawa ya kifafa kwenye damu, vyote vinasomwa kwa kudhani kwamba dawa imemezwa.

Nilijifunza hili kwa njia mbaya. Mwaka wangu wa pili kazini, katika nyumba ambayo sitaitaja, nilisahau kumpa bibi mmoja warfarin yake ya jioni, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, usiku mmoja na kesho yake tena. Wodi ilikuwa na wazee 32 na mimi nikiwa peke yangu na toroli. Nilipogundua niliogopa, nikanyamaza. Siku chache baadaye INR yake ilisoma 1.6, wakati ilitakiwa iwe kati ya 2 na 3. Daktari akapandisha dozi, kama ambavyo daktari yeyote angefanya. Baada ya wiki moja na kitu bibi alianza kutoka damu puani, mikono imejaa michubuko, na INR ilikuwa 4.8. Alipona. Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamwambia kila kitu, na jambo alilonijibu nimelibeba hadi leo: kosa la kusahau lingeisha kwa simu ya dakika 2. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye toroli ya dawa, anayefichwa maradhi ni daktari, na anayelipa ni mgonjwa.

Sasa nikutoe hofu upande mmoja. Kumheshimu mzee alipokataa hukufanya kosa. Tangu sheria ya mwaka 1987 ya kurekebisha nyumba za wazee nchini Marekani, mkazi ana haki ya kukataa tiba, na haki hiyo imeandikwa waziwazi katika kanuni za shirikisho. Kurudi na kumbembeleza ulifanya vyema. Lakini kanuni hizohizo zinaitaka nyumba imwarifu daktari mara moja pale hali ya mkazi inapobadilika kwa kiasi kikubwa au tiba yake inapohitaji kubadilishwa kwa kiasi kikubwa, na imwarifu pia mwakilishi wake. Mtu aliyekosa dawa ya kuzuia damu kuganda mara 4 ndani ya siku 6 tiba yake imeshabadilika, hata kama hakuna aliyeibadilisha kwa kalamu.

Na hapa wenzako wamekosea. Wanadhani R ni taarifa. R ni kumbukumbu, inamngoja mtu aje kuisoma, na katika nyumba ya wazee msomaji anaweza kuchelewa sana. Kwa kanuni za shirikisho, daktari anatakiwa kumwona mkazi angalau mara moja kila siku 30 katika siku 90 za mwanzo, baada ya hapo mara moja kila siku 60. Mfamasia hupitia dawa za kila mkazi mara moja kwa mwezi. Daktari akija ana wazee 20 wa kuwaona kabla ya mchana. Anafungua orodha ya dawa, anasoma vipimo, anamsikiliza mzee kifuani. Gridi ya viboksi yenye herufi ndogo huwa haiangalii, na mfumo wa kompyuta mara nyingi unaiweka ukurasa mwingine kabisa. Hospitalini daktari yuko ghorofa moja na wewe. Huku kwetu macho yake ni wewe.

Je, ni kila dawa? Kwanza soma sera ya nyumba yako, maana nyingine zinataka simu kwa kila dozi iliyokataliwa na nyingine zinasema baada ya dozi 2 au 3 mfululizo. Sera ikisema piga, piga. Lakini sera haiwezi kufikiri badala yako, hasa ile inayosema "baada ya mara 3". Mara 3 za vitamini D si sawa na mara 3 za dawa ya kifafa. Mimi hujiuliza: dawa hii ikikosekana mwilini nini kinatokea, na kinatokea baada ya muda gani? Amekosa ngapi hadi sasa, kwa zamu zote na si yangu tu? Na mtu mwenyewe yuko vipi nikimtazama hivi sasa?

Kwa mzee wako, levodopa ndiyo ya haraka kuliko zote. Haikai mwilini. Ikichelewa saa moja tu, wengine hukakamaa, hushindwa kugeuka kitandani, hushindwa kumeza. Ikikatika ghafla kwa muda, inaweza kuleta homa kali, misuli kuwa migumu kama ubao na akili kuchanganyikiwa, na hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali. Apixaban nayo nusu yake huondoka mwilini kwa takribani saa 12, ndiyo maana hutolewa mara mbili. Asiyeimeza usiku anaingia asubuhi akiwa na kinga ndogo dhidi ya kiharusi, na watengenezaji wenyewe wameweka onyo kali kuhusu kuikatisha. Metoprolol tumeshaizungumza. Hizo tatu, kwa maoni yangu, zilitosha kupiga simu usiku wa kwanza.

Katika kundi hilohilo naweka insulini, dawa za kifafa, prednisone kwa aliyeitumia muda mrefu, clonidine ambayo ikikatwa presha hupaa, dawa za maumivu za jamii ya afyuni na dawa za usingizi za jamii ya lorazepam kwa mtu aliyezizoea, dozi za mwanzo za antibiotiki, na dawa za waliopandikizwa figo. Kuna dawa nyingine ambayo hesabu yake lazima uijue kwa siku: clozapine, ya maradhi makali ya akili. Ikikosekana siku 2 au zaidi hairudishwi kwa dozi ileile. Huanzwa upya kwa miligramu 12.5 na kupandishwa polepole. Muuguzi wa siku ya tatu asiyejua kwamba siku mbili zilizopita mgonjwa alikataa, akampa dozi kamili kwa nia njema, anaweza kumwangusha. Hapo ndipo utaona kwa nini idadi ni sehemu ya taarifa.

Upande wa pili kuna levothyroxine, ambayo nusu yake hukaa mwilini kama wiki nzima, dawa za kolesteroli, vitamini, dawa za kulainisha choo. Dozi moja ya hizi ikikosekana, ingiza kwenye ripoti ya makabidhiano na kitabu cha daktari, asubuhi watamwambia. Lakini usizidharau zikirudiwa. Mzee anayekataa dawa ya choo siku 5 huku anameza dawa ya maumivu ataishia kuziba, na mzee aliyeziba huchanganyikiwa na kukataa kila kitu. Tena ukimwona mtu anakataa vidonge pamoja na chakula pamoja na maji, sahau jina la dawa; huo ni ugonjwa mpya unaoanza, pengine ana maambukizi kifuani au kwenye mkojo. Pima joto, pima oksijeni, piga simu.

Kuna neno ambalo sikuliona katika swali lako, nalo ni sababu. Umeniambia amekataa, hukuniambia kwa nini. Najua toroli ni nzito na saa inakimbia, lakini "amekataa" kwa daktari ni kama kumwambia "anaumwa". Daktari hawezi kulifanyia kazi. Kaa kwenye kiti, macho yenu yawe sawa, umuulize, na umpe muda wa kujibu kwa sababu wenye Parkinson huchelewa kutoa maneno. Kisha andika maneno yake kama alivyoyasema.

Nina dhana juu ya mzee wako, na nataka uichunguze. Anakataa za saa 2 usiku, za asubuhi anakubali. Tazama dozi yake ya levodopa ya alasiri hutolewa saa ngapi hasa, si saa iliyopangwa. Kama hutolewa kwa kuchelewa, au pamoja na chakula cha jioni chenye nyama nyingi (protini huweza kupunguza levodopa inayofyonzwa), basi ukifika na toroli anakuwa ameishiwa dawa: taya zimekaza, koo halishirikiani, na wewe unamletea vikombe viwili vya vidonge. Mtu anayeogopa kupaliwa atafunga mdomo na kutikisa kichwa. Hajakataa dawa, ameshindwa kumeza. Hilo lina tiba: kubadilisha saa za dozi, kumwita mtaalamu wa kumeza ampime, au daktari kuandika levodopa ya aina inayoyeyuka mdomoni bila maji.

Sababu nyingine nilizokutana nazo miaka hii ni nyingi kuliko vitabuni. Mama mmoja alikataa dawa ya kukojoa kwa sababu ilipangwa jioni na aliona aibu ya kulowanisha kitanda mbele ya muuguzi msaidizi wa kiume. Mzee mmoja Mwislamu alikataa dawa za mchana mwezi mzima na hakuna aliyefikiria kutazama kalenda. Ulikuwa Ramadhani, na daktari alipoambiwa alizipanga upya kwa magharibi na daku, isipokuwa moja ambayo walizungumza wakakubaliana. Mwingine mwenye dimenshia aliamini tunamtilia sumu kwa sababu kidonge kilichokuwa cheupe kimekuja cha njano: duka la dawa lilibadilisha mtengenezaji. Kila moja kati ya hizo ilikuwa simu fupi, lakini bila sababu ingebaki R, R, R.

Utofautishe pia kukataa na kukosa. Alikuwa amelala, alikuwa hospitali kusafishwa damu, dawa haijafika kutoka duka la dawa, presha ilikuwa chini ukaizuia kwa agizo, au umesahau: haya yote si R. Nimeona R ikitumiwa kufunika dawa iliyoisha kwenye toroli, na hilo linamsingizia mgonjwa jambo ambalo hakulifanya. Dawa ikikosekana, tazama sanduku la dharura, piga simu duka la dawa, kisha umwambie daktari dawa itafika saa ngapi, huenda akaandika mbadala. Na ukisahau, sema umesahau. Mkazi akikataa baada ya kujaribiwa ipasavyo, hilo si kosa lako. Ukisahau, ni kosa la dawa, lina fomu yake, na simu yake ni ya haraka zaidi.

Sasa simu yenyewe. Nitasema jambo kuhusu sisi, na nalisema kwa upendo maana nami nimelelewa huko. Mswahili haanzi na shida. Anaanza na salamu, anaulizia watu wa nyumbani, anazunguka, habari nzito anaiweka mwisho kwa adabu. Ni ustaarabu wetu na sitaki uuache. Lakini daktari wa zamu saa 4 usiku hamjui mzee wako, pengine anashika nyumba 6 kwa mpigo, na ukizunguka atakukata kabla hujafika. Maneno hayakupotei kwa sababu ya Kiingereza, mdogo wangu. Yanakupotea kwa sababu unayapanga kwa mpangilio wa nyumbani. Huku anza na mwisho.

Kabla ya kupiga, uwe na karatasi mkononi: presha akiwa ameketi na akisimama kama anaweza, mapigo, joto, oksijeni, sukari kama ana kisukari, mzio, saa ya dozi ya mwisho aliyoimeza kweli kwa kila dawa nzito, ulijaribu mara ngapi na saa ngapi, na idadi ya dozi zilizokosekana kwa zamu zote katika siku 7. Mwambie RN (muuguzi wa ngazi ya juu) msimamizi wa zamu, akamwone mzee mwenyewe. Kisha useme hivi, kwa Kiingereza chako ila kwa mpangilio huu:

"Daktari, mimi ni muuguzi wa LPN wa wodi ya pili, jina langu ni fulani. Nina mkazi wa Parkinson aliyekosa kwa mara ya 4 ndani ya siku 6 levodopa, apixaban na metoprolol za usiku, na ninahitaji maagizo yako sasa. Ana miaka 78, ana mapigo yasiyo na mpangilio, hana mzio wa dawa. Alhamisi aliongezewa amlodipine kwa presha 168 kwa 92. Siku hiyo daktari hakuwa ameambiwa kwamba dozi za usiku hazikumezwa. Sasa hivi presha ni 158 kwa 88 akiwa ameketi, mapigo 96, hana homa, amekakamaa kuliko mchana na maji anayameza kwa shida. Nimejaribu mara 3 tangu saa 2. Anasema 'inanikwama kooni'. Nadhani ni kumeza, si kukataa. Naomba kujua kama amlodipine isimamishwe mpaka umpitie, na naomba apimwe kumeza."

Isome kwa sauti ukiwa garini, haifiki dakika moja na nusu. Mpangilio huu ndio unaofundishwa kwa jina la SBAR. Ulitoka kwa mabaharia wa nyambizi za jeshi la Marekani, watu ambao amri ikisikika vibaya hawana pa kukimbilia, ukaletwa hospitalini na watu wa shirika la afya la Kaiser Permanente. Mimi naupenda kwa ile sehemu ya mwisho, ya kuomba, ambayo wengi wetu tunaiacha. Tunasimulia kisha tunanyamaza tukisubiri daktari aamue, naye anasema "sawa, asante kwa taarifa" na simu imekatika. Usikate kabla hujapata majibu ya mambo haya: mzee akikubali baadaye usiku huu, nimpe dozi hadi saa ngapi, na baada ya hapo niruke? Dozi ya asubuhi ibaki ilivyo? (Usimrudishie dozi mbili kwa mpigo kamwe kwa akili yako.) Nitazame dalili gani, na nikupigie tena zikifika wapi? Kisha umrudie agizo neno kwa neno, naye athibitishe.

Neno "Parkinson" liwe kwenye sentensi ya kwanza. Daktari asiyemjua akisikia "mzee anakataa dawa na amekasirika" anaweza kuandika haloperidol ya kumtuliza, na akisikia "anatapika" anaweza kuandika metoclopramide. Zote mbili hupinga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo ambayo levodopa huiongeza, na zinaweza kumgandisha mtu wa Parkinson kabisa. Ukipewa agizo kama hilo, sema kwa adabu: "Daktari, ana Parkinson, kuna nyingine iliyo salama kwake?" Hakuna daktari wa maana atakayeudhika.

Jihadhari pia na saa. Sisi tunahesabu kutoka macheo. Niliwahi kumsikia mwenzetu, amechoka, akimwambia daktari kwa Kiingereza dozi ya mwisho ilikuwa "saa mbili", akimaanisha saa 2 asubuhi. Daktari alielewa saa 8 mchana. Tofauti ya saa 6, kwa dawa inayoisha mwilini kwa saa chache! Soma saa kutoka kwenye rekodi kama ilivyoandikwa pale, usiitafsiri kichwani.

Akikukaripia? Mwache amalize, kisha rudia ombi lako kwa sauti ileile. Asipopokea, piga tena baada ya muda ulioandikwa kwenye sera, kisha panda ngazi: msimamizi, mkurugenzi wa uuguzi, daktari mkuu wa nyumba. Kila nyumba iliyo chini ya kanuni za shirikisho lazima iwe na daktari mkuu, na lazima iwe na daktari wa dharura saa 24. Haumwombi mtu hisani. Usitume faksi kwa dawa ya usiku huu halafu ukahesabu kwamba umetoa taarifa. Baada ya simu andika saa, umezungumza na nani, umesema nini, amejibu nini. Zamu inayofuata iambie kwa mdomo, na idadi uitaje: "hii ni ya nne", si "amekataa tena".

Kuhusu kuficha dawa kwenye uji au matofaa yaliyopondwa: najua inafanyika, na najua wanaoifanya wengi wana huruma. Kumchanganyia mtu dawa kwa kujua kwake, kwa sababu inateremka vizuri zaidi, ni sawa ukiwa na agizo na mfamasia amesema inasagika. Kumficha ni kumnyang'anya haki yake, na akigundua hatakula tena chakula chako. Uamuzi huo, kwa asiye na uwezo wa kuamua, ni wa daktari pamoja na mwakilishi wake na maandishi juu yake, si wa muuguzi mwenye toroli. Na kuna vidonge ambavyo ukivisaga unaweza kuua: OxyContin, dawa kali ya maumivu, imetengenezwa iachie dawa polepole kwa saa 12, ukiisaga inaachia yote kwa mpigo. Metoprolol ya kuachia polepole, tembe za potasiamu za aina hiyo, zote hazisagwi.

Wenzetu mlio CNA, yaani wauguzi wasaidizi, simu ya daktari si yenu, lakini mara nyingi ninyi ndio mnaojua sababu. Mkikuta kidonge chini ya mto au kwenye shavu wakati wa kupiga mswaki, kipelekeni kwa muuguzi saa hiyohiyo. Na mlio kwenye nyumba za kikundi chini ya MAP, mpango wa utoaji dawa wa Massachusetts, mna mshauri wenu wa dawa wa kumpigia. Namba yake iwe ukutani.

Nirudi kwako. Leo ukiingia zamu, kabla hujagusa toroli, angalia kama amlodipine imeshatolewa na ni dozi ngapi, hesabu R za zamu zote, mpime presha ameketi na amesimama huku mtu akimshika. Kama bado hujampigia daktari, mpigie kabla ya saa 2, akiwa bado hajaenda kulala, na umpigie pia mwakilishi wake; watoto wa wazee husamehe mengi kuliko kufichwa. Jaza ripoti ya tukio kuhusu agizo la Alhamisi, bila kumlaumu mtu, wewe au daktari. Halafu rudi chumbani, ukae kwenye kile kiti, umwambie mzee ulichozungumza na daktari, na umuulize kama angependa vidonge vyake vije kimoja kimoja na maji yaliyoongezwa uzito ili yamezeke kirahisi, kabla ya chakula badala ya baada.